Boriti Iliyovuliwa Magunia na Mbuzi

Siku yangu ya kwanza kazini, katika kiwanda cha boriti za zege kule Msalato, Mhandisi Mkuu alinikabidhi brashi nyembamba na kopo la rangi nyekundu.

"Binti, tia alama kila waya, nusu sentimita nje ya zege. Tukishakata, niambie alama zimekwenda wapi."

Niwaeleze vijana. Tulivuta nyaya za chuma kwa jeki, tukamwaga zege kuzizunguka, na lilipokomaa tukazikata nchani. Waya hutaka kunywea, zege huuzuia. Lakini haulikabidhi zege nguvu yote palepale. Huteleza kidogo, hadi ushikwe barabara ndani zaidi. Sehemu hiyo tuliiita urefu wa kukabidhi nguvu. Zege changa huirefusha. Baadaye mvuto nao hupungua, kwa kuwa zege hunywea na chuma hulegea, hasa kwa upepo wetu mkavu.

Kiangazi kimoja tulitengeneza boriti za daraja la korongo ambalo masika huwatenga watu na zahanati. Tulizifunika kwa magunia yaliyoloweshwa, maana zege likikauka mapema halikomai. Mbuzi wa jirani yetu, Mzee Ndahani, wakaja kufyonza maji, wakayavuta magunia, na ncha ya boriti moja ikashinda juani. Vipande vya zege hilohilo, vya kupimia kama limekomaa, vilikuwa salama ndani ya pipa la maji, vikafaulu. Meneja akaamuru tukate nyaya.

Kwenye ncha iliyofunikwa, alama zilisogea kidogo tu. Kwenye ncha ya mbuzi, zilimezwa zote ndani ya zege.

"Mvuto si utapungua wenyewe?" Meneja aliuliza. "Urefu wa kukabidhi nao utapungua."

"Kwenye hesabu, ndiyo," alijibu Mhandisi. "Ila zege likishaachia waya haliushiki upya. Boriti hii haiendi."

Mzee Ndahani aliposikia, alikuja mbio. Mkwe wake mjamzito aliishi ng'ambo ya korongo.

"Iwekeni tu! Mbuzi wangu hawakula zege."

"Shikamoo, mzee," nilimjibu. "Hawakulila. Wamekunywa maji yake."

Tulimwaga boriti nyingine. Mzee aliizungushia ugo wa miiba kwa mikono yake, akawa anailowesha na kuwatukana mbuzi wake kwa Kigogo. Mvua ya kwanza ilitukuta tukikaza boriti hiyo mahali pake. Mkwe alivuka kwa pikipiki, akajifungulia zahanati.

Sasa nimestaafu, naishi Makole. Wajukuu wakinipeleka ng'ambo, huwaomba tusimame kidogo darajani. Wao hutazama maji katikati. Mimi huinama kuangalia ncha za boriti.