Kangaja Wawili kwenye Orodha ya Chumvi

Nimekaa na aibu hii miaka mingi bila kuiandika, na hata sasa ninapoandika natupia jicho mlangoni kana kwamba Mama Nambeye anaweza kuingia wakati wowote na kile kidole chake kilicholowa maji, kwa hiyo nitaieleza bila kupumzika, nanyi mkitaka kucheka chekeni. Mimi, mwenye shahada ya elimu ya viumbe, mwalimu wa sekondari, mtu niliyesimama kila asubuhi mbele ya darasa nikisema sayansi ni kutazama vizuri na kusema kweli, niliwahi kuandikisha samaki wawili kwenye daftari la kijiji cha ujamaa ili wapewe mgao wa chumvi.

Nilipokuwa chuoni Dar es Salaam nilikuwa na tabia ya kwenda soko la samaki Jumamosi asubuhi, si kununua (kwa posho ipi?), bali kutazama. Huko ndiko nilikomwona samaki aitwaye kangaja akiwa hai ndani ya dema la kutegea: mwembamba kama sahani iliyosimamishwa, mwili wa bluu, uso mweusi, mgongo wa njano, na kwenye shina la mkia, kila upande, ana kisu kidogo anachokilaza kikiwa hakina kazi na kukifyatua akikasirika. Wavuvi waliokuwa wakishika samaki taa na pweza kama wanashika viatu walimshika huyu kwa uangalifu. Nikabaki na swali ambalo halikunitoka: je, kiumbe huyu anaweza kuishi milimani?

Basi nilipopangiwa kazi shule moja nje ya Vwawa, njia ya kwenda Igamba, likizo ya pili nikateremka Dar na kurudi kwa treni nikiwa na ndoo yenye kangaja wawili, mmoja mkubwa kama kiganja na mwingine mdogo wake, pamoja na madumu manne ya maji ya bahari ambayo behewa zima liliamini ni mafuta ya taa. Kioo nilikuwa nimeshakinunua Tunduma kwa mfanyabiashara mmoja mwenyeji wa Tanga, ambaye alipoona vipimo vyangu aliuliza, "Mwalimu, hilo dirisha lako mbona lina pande tano?" Nikamwambia ni mambo ya maabara. (Neno maabara lilikuwa linafunga midomo mingi siku hizo.)

Tangi lilikuwa dogo, kama sanduku la bati la mwanafunzi wa bweni, nami nililiweka chumba cha ndani ambako hakuna mgeni anayefika. Umeme hatukuwa nao, kwa hiyo hewa niliipata kwa tyubu ya tairi la lori: naijaza kwa pampu ya baiskeli, nafunga mrija mwembamba, nabana mwisho wake, na mapovu yanatoka taratibu kwa saa kadhaa. Baridi ya Mbozi mnaijua. Niliwasha chemli chini ya tangi mchana na usiku. Kangaja wakawa wanazunguka, wanazunguka, wanazunguka, yule mkubwa akimkimbiza mdogo kila wanapokutana kwenye kona (na wanakutana kila baada ya pumzi mbili, maana kona zenyewe zilikuwa nne tu), wakila mchicha niliouchemsha kidogo na ukijani uliokuwa kwenye mawe niliyokuja nayo. Nilikaa mbele yao kama mtu aliye sinema. Niliandika kila kitu kwenye daftari.

Wiki ya tatu niliona maji yamepungua vidole vinne. Nikafikiri kama msomi: kilichopungua ni maji ya bahari, kwa hiyo kinachotakiwa kuongezwa ni maji ya bahari, bahari iko mbali, lakini maji ya kisima yapo na chumvi ipo. Nikatia chumvi. Wiki iliyofuata yakapungua tena, nikatia tena. Chumvi yangu ikaisha, na hapo ndipo samaki walipoanza kubadilika: wakaacha kuzunguka, wakasimama nyuma ya jiwe wakipumua haraka haraka, rangi imefifia kama kitenge kilichoanikwa juani mwaka mzima. Nikaona wazi kwamba wanakufa kwa kukosa chumvi.

Chumvi yenyewe sasa. Mtakumbuka ile miezi ambayo chumvi ilikuwa habari. Duka la kijiji liligawa kikombe kimoja kwa mtu kila baada ya wiki mbili, ikifika, na kuna nyumba zilikuwa zinakula maharage yasiyo na ladha yoyote huku zikisifu mpishi kwa adabu. Nilisimama kwenye foleni, nikafika mbele ya Ndugu Haonga, muuza duka, mtu mwenye mwandiko mzuri kuliko wa mkuu wetu wa shule, naye bila kuinua kichwa akauliza kama alivyomuuliza kila mtu:

"Nyumbani mko wangapi?"

Kinywa changu kikasema, "Watatu."

Sikuwa nimepanga, naapa. Niliwaona tu wale wawili nyuma ya jiwe.

Haonga akainua kichwa. "Watatu? Mwalimu si uko peke yako?"

"Nimepata wageni. Ndugu zangu. Wa kutoka Dar."

"Majina?"

"Athumani," nikasema. "Na... Jumanne."

Akaandika kwa ule mwandiko wake mzuri, akanipimia vikombe vitatu, na mama aliyekuwa nyuma yangu akasema, "Karibuni wageni," kwa sauti ya mtu ambaye jioni atakuwa ameshawaeleza wengine. Nilifika nyumbani nikatia vikombe vyote vitatu ndani ya tangi, hata kile changu, maana sikutaka kuwa mchoyo. Wiki mbili baadaye nikachukua vitatu vingine.

Sasa, nilikuwa nimesahau jambo moja ambalo mtoto wa darasa la pili alilijua: mgeni akilala kijijini, balozi wa nyumba kumi apewe taarifa. Balozi wetu alikuwa Mama Nambeye, mama wa makamo aliyeolewa kwetu kutoka Ivuna, mpole wa sauti na mzito wa kusahau. Alikuja jioni, akakataa kiti.

"Mwalimu, nasikia una wageni mwezi sasa. Mimi sina habari."

"Nisamehe mama. Ni kwamba... wanaumwa. Hawatoki."

Akaketi. "Wanaumwa nini?"

"Wanapumua kwa shida."

"Wote wawili?"

"Wote wawili."

"Wanakula?"

"Mchicha kidogo. Jana hawakugusa."

Alinitazama kwa huruma ambayo mpaka leo inanichoma. "Na wewe umekaa nao peke yako, mtoto wa watu, bila mwanamke wa kukusaidia, kimya tu! Siyo vizuri hivyo, Mwalimu." Akaondoka kabla sijapata la kusema, nami (huu ndio ujinga wa shahada) nikashukuru kwamba yameisha.

Jumapili baada ya ibada nilikuwa napampu tyubu niliposikia miguu mingi uani. Nikachungulia. Nyumba zote kumi zilikuwa zimekuja kuona wagonjwa. Kulikuwa na mama ameshika mayai, mwingine unga wa uji, mwingine amembeba kuku kwapani, Ndugu Haonga amevaa koti, Mwenyekiti wa kijiji na fimbo yake, na mbele yao tabibu wa zahanati na mkoba wake mweusi, ametembea toka kijiji cha Ruanda kwa ajili ya Athumani na Jumanne.

"Hodi kwa Mwalimu! Tumekuja kuwapa pole wageni."

"Wamelala," nikasema.

"Tabibu atawaamsha," akasema Mwenyekiti.

Nikasimama mlangoni na pampu mkononi. Ningeweza kusema wameondoka, lakini wangekwenda vipi wakati hawawezi kupumua? Ningeweza kusema ni ugonjwa wa kuambukiza, lakini tabibu alikuwa ameshavaa miwani. Nilipisha. Wakaingia chumba cha kwanza, wakaingia cha ndani, wakatazama kitanda (kimoja, kimetandikwa), wakatazama chini ya kitanda, na mwishowe wote wakageukia pale palipokuwa na mwanga wa chemli.

Kisha mama wa kuku akauliza polepole, "Mwalimu... ndugu zako wako wapi?"

Nikanyoosha pampu. "Ndio hao."

Nilingoja wanipige. Badala yake kilitokea kitu ambacho sikukitegemea: wakachuchumaa. Watu ambao wengi wao hawakuwahi kuiona bahari walisogeza nyuso hadi kioo kikaingia ukungu, na maswali yakaanza kunimiminikia, mazuri kuliko yote niliyowahi kuulizwa darasani. Wanalala? Wanafumba macho? Wanakunywa haya haya wanayokojolea? Huyu mkubwa ndiye Athumani? Mbona hata katika kuumwa anamsukuma mwenzake? Tabibu, kwa kuwa alikuwa ndiye mwenye mkoba, aliona ni wajibu wake kumpima mgonjwa, akakunja mkono wa shati na kuingiza vidole kumgusa mkia kabla sijamaliza kusema "Daktari, hapo ana..." Alichomoa mkono kwa kelele. Damu ikachuruzika hadi kwenye kiwiko.

"Mgonjwa amempasua tabibu!" akasema Haonga, na chumba kizima kikacheka hata yule aliyekuwa anavuja damu, na kwa dakika moja tamu nikadhani nimeokoka.

Ni Mama Nambeye tu aliyekuwa hacheki. Alikuwa anatazama ukingo wa kioo, pale maji yalipokuwa yamefikia zamani, ambapo palikuwa na ukanda mweupe kama uji uliokauka kwenye sufuria. Akaukwangua kwa ukucha. Akachovya kidole ndani ya maji, akakiweka ulimini, akatema dirishani.

"Mwalimu," akasema, "unawatilia chumvi?"

Kicheko kikakatika kama bomba lililofungwa.

"Maji yakipungua naongeza," nikasema. "Maji ya bahari ni ya chumvi, mama, kwa hiyo..."

"Sisi Ivuna tumekua tunachemsha chumvi. Maji ndiyo yanayoondoka. Chumvi haina mabawa, inabaki chunguni kama ilivyokuwa. Wewe umewasha moto chini, maji yanakwenda zake, halafu unaongeza chumvi juu ya chumvi?" Akaniangalia kwa mshangao wa kweli, bila kejeli yoyote, jambo lililofanya iwe vibaya zaidi. "Unawapika hawa."

Nilijua. Yaani pale pale, nikiwa nimesimama na pampu, niliona kwamba nilijua tangu kidato cha kwanza, na kwamba hata nimewafundisha wanafunzi kwa mchoro na mishale. Kangaja mdogo alikuwa amelala ubavu. Niliwadanganya watu wote hawa ili niwaokoe samaki, na kila kikombe nilichokidanganyia kilikuwa kinawaua.

Haonga naye alikuwa anahesabu kwa midomo. "Vikombe vitatu na vitatu," akasema. Mama wa kuku akamhamishia kuku kwapa la pili, mbali nami. "Mwanangu anakula maharage matupu," akasema, si kwa hasira, kwa kunijulisha tu, "na Jumanne ana chumvi yake."

Nikaiweka pampu chini.

Mama Nambeye akageukia mlangoni. "Maneno baadaye. Leteni ndoo." Akatoa ndoo moja ya maji ya tangi, akaagiza maji matupu ya kisima yapashwe yawe vuguvugu, akanisimamia nikiyatia kwa kikombe, kidogo kidogo, kama anayenywesha mtoto. "Ndoo moja leo, moja kesho, moja kesho kutwa. Usiwashtue." Kisha akaitazama ile ndoo ya kwanza na kusema, "Hii msiimwage. Humu mna chumvi ya watu."

Kwa siku tatu sufuria kubwa ya mikutano ilikaa kwenye mafiga uani kwangu, mbele ya kila apitaye, akiwemo mkuu wangu wa shule na kidato cha tatu kizima, na Mama Nambeye akachemsha maji ya tangi langu hadi yakakauka. Siku ya tatu Athumani alitoka nyuma ya jiwe na kumkimbiza Jumanne hadi kwenye kona. Sijawahi kufurahia ugomvi kiasi kile. Kwenye sufuria kulikuwa na chumvi, ya kijivu, chungu kidogo, yenye harufu ya mchicha na ya mambo mengine ambayo samaki hufanya.

Mwenyekiti aliionja mbele ya mkutano, akakunja uso, akauliza, "Chumvi ya kijiji imerudi, ila imepitia kwa wageni wa Mwalimu. Nani anaitaka?"

Hakuna mkono ulioinuka.

"Basi ni yake. Ataila yeye, na mgao wake halali utagawiwa wengine mpaka hiyo itakapokwisha."

Niliila. Miezi mizima kila tonge langu lilikuwa na ladha ya tangi, na watu walikuwa wakipita saa ya chakula kuhakikisha, kisha wanaingia chumba cha ndani kuwatazama samaki, wanakaa sana, wanauliza. Kangaja walifika hadi baridi ya Juni, ambayo chemli haikuiweza. Alitangulia mkubwa, na mdogo, aliyeachiwa kona zote nne, hakuishi hata wiki. Mama Nambeye alikuja kunipa pole, safari hii akakubali kiti.

Siku hizi nikijaza fomu yoyote yenye ile safu ya idadi ya watu nyumbani, kalamu husimama yenyewe. Hunyanyuka, hungoja. Mke wangu hudhani nahesabu watoto. Ninachofanya ni kukumbuka foleni ya mgao uliofuata, nilikosimama ili kikombe changu kiandikwe na kupewa wengine, Ndugu Haonga amefungua daftari mahali palipokuwa na majina mawili yaliyokatwa kwa mstari ulionyooka sana, akiuliza bila kuinua kichwa, "Nyumbani mko wangapi?" na foleni nzima nyuma yangu ikijibu kwa pamoja, kabla sijafungua kinywa: "Mmoja!"

Nami nikaondoka na bakuli tupu, maana chumvi nilikuwa nayo nyumbani.