Siku Nakiru Alipotolewa Jikoni

Nakumbuka mchana mmoja hapa Chechelesi, wageni wa mume wangu walipokuja kutazama mbuzi, nikamfungia Nakiru jikoni. Ndiyo, mwanangu, wifi yako huyu huyu. Alikuwa na miaka miwili, hajatembea bado, na sura yake ilikuwa imeshawapa watu wa mtaa maneno. Daktari alikuwa ameniambia ni hali ya Down, ya kuzaliwa nayo, inayomchelewesha mtoto kukua na kujifunza. Mimi nikaona heri nionekane sina mtoto. Mpaka leo nikilisema hilo naona aibu.

Mama mkwe wangu hakuwa mtu wa kubembeleza. Alisikia mtoto analia, akafungua mlango, akamleta mpaka katikati ya wageni, akamkalisha mapajani.

"Huyu ni mjukuu wangu," akasema. "Anayemwonea haya, atoke nje yeye."

Hakuna aliyetoka. Nami nilibaki, nimeinamisha kichwa. Kesho yake akambeba mgongoni hadi hospitali, maana yeye ndiye aliyeona midomo ya mtoto ikigeuka rangi akilia. Kumbe moyo ulikuwa na tundu, na mimi kwa kumficha nilikuwa nimeacha kliniki mwaka mzima! Alitibiwa, lakini ilibaki kidogo tu tumpoteze.

Sasa wewe una miezi mitatu kasoro siku chache, na mimba unaificha chini ya leso kama nilivyoficha zangu zote, eti mpaka tumbo lijitokeze lenyewe, watu wasije wakaitupia jicho baya. Nesi amekuambia kile kipimo cha kuangalia hali kama ya Nakiru, damu pamoja na picha ya shingo ya mtoto tumboni, kinafanywa wiki hizi tu, zikipita zimepita. Shangazi zako wanasema usiende, unajitafutia mabaya. Na yule mama wa mtaa wa Wabera aliyekuja kututembelea akakuuliza, Nakiru amekaa hapo hapo anasikia, kama unataka kuzaa mwingine wa aina hiyo. Nilimwacha amalize chai yake, kisha nikamwonyesha njia. Asirudi.

Sikiza, mwanangu. Nenda. Kipimo hicho hakimhukumu mtu. Hata ndiyo au hapana hakisemi, kinasema tu kama kuna haja ya kuangalia zaidi. Uliza kila kitu. Usipotaka kupimwa, kataa kwa mdomo wako mwenyewe, si kwa kuogopa macho ya watu. Na jibu lolote litakalokuja, mtaamua wewe na mume wako, mtaa hauna kura hapo. Mimi nilifuata maneno ya mtaa, nikamfungia mtoto wangu na moyo wake mgonjwa. Mlango ule wa jikoni niliung'oa zamani, na kwangu hautarudishwa.

Mungu akulinde wewe na huyo uliyembeba, akupe mgongo wa kumbeba mchana kweupe. Alhamisi tunaenda wote watatu. Nakiru ameshatoa gauni lake la kanisani, na amesema kwenye benchi la kliniki yeye atakaa katikati.