Mashine ya Akiba Kule Kihesa

Nakumbuka Jumanne moja pale Kihesa, mwanangu, na hata leo nikiikumbuka najiudhi mwenyewe. Nilikuwa fundi wa kompyuta kwenye chuo kidogo, kijana mwenye cheti kipya na maneno mengi. Kompyuta zilikuwa thelathini na mtandao wa kusuasua, kwa hiyo tulifungiwa mashine moja ya akiba: yenyewe inavuta masasisho ya programu mara moja, nyingine zote zinachota kwake. Ni kama genge la mtaani. Huwezi kutuma kila nyumba hadi mashambani Ilula kufuata nyanya mbili.

Basi masasisho yakawa hayaendi. Asubuhi nzima, kompyuta moja tu ndiyo iliyosasishwa. Na Alhamisi wanafunzi walikuwa na mtihani wa vitendo, ambao programu za zamani haziwezi kuufungua. Nikalaumu kampuni ya mtandao, nikalaumu mvua, nikalaumu hata milima, maskini, ambayo haijawahi kugusa kompyuta. Mwisho nikampigia Mzee Mwaipopo, aliyeifunga ile mashine. Akapanda basi kutoka Soweto, Mbeya, na goti lake bovu.

Alifika, akakataa chai, akaichunguza mashine kitambo. Kisha akauliza ni nani huizima.

"Mimi, mzee," nikasema kwa fahari. "Kila jioni nashusha swichi kubwa, tunabana umeme."

Alinitazama hadi nikaona aibu kabla sijajua kosa. Mashine ile ilipangiwa kuvuta mizigo yake usiku, mtandao ukiwa mwepesi. Mimi nilikuwa naikata ghafla, asubuhi inaamka ghala tupu, na diski imeshaharibika kwa kukatwakatwa.

"Maelekezo niliyabandika hapa ubavuni," akasema taratibu. "Wewe ukayafunika na kitambaa."

Kweli, kitambaa cha kufuma, cha kuzuia vumbi.

Diski mpya ya kubadilisha ilichelewa kufika, mtihani ukaahirishwa. Atupele, mmoja wa wanafunzi wale, binti aliyeahidiwa kazi Mbeya akipeleka matokeo, akachelewa nayo na kukuta nafasi imechukuliwa. Hakunilaumu, maana hakujua kosa ni langu. Nami sikumwambia, na hilo linaniuma kuliko yote.

Kwa hiyo wewe unayelaani mtandao tangu asubuhi, nisikilize: kikulacho ki nguoni mwako. Kabla hujamlaumu wa mbali, kagua mkono wako. Soma ulichoandikiwa, usichojua uliza, kuuliza si ujinga. Na ukimkosea mtu, mwendee ukamwambie angali karibu. Mungu akupe macho ya kujiona, mwanangu, na ulimi wa kukiri mapema kuliko wangu.