Maktaba Yetu ya Lituhi

Wiki iliyopita, Mbinga mjini, niliwafundisha walimu waliokabidhiwa maktaba za shule jinsi ya kutengeneza vitabu vilivyochanika. Mmoja alipokoroga gundi ya unga wa muhogo, harufu ile ya uji uliopoa ilinirudisha Lituhi, kijijini kwetu kando ya ziwa, ndugu yangu, nikiwa darasa la nne.

Vitabu vya shule yetu vilikuwa kabatini, ofisini kwa mwalimu mkuu, vimefungiwa. Tuliviona kupitia kioo tukipeleka kuni za mwalimu. Kisha mwalimu wetu wa Kiswahili akapelekwa semina ya ukutubi. Aliporudi alishona vitabu vilivyoachia, akavibandika majalada mapya, akaomba ufunguo ili tuviazime.

Mwalimu mkuu alikataa. Hakuwa mtu mbaya, aliogopa tu. Aliwaambia wazazi kikaoni kwamba kitabu kikipotea, atakayeulizwa ni yeye.

Bibi yangu, ambaye hakujua kusoma na aliishi kwa kuanika usipa, dagaa wa ziwa letu, aliinuka, akaomba radhi kwanza.

“Mwalimu mkuu, mimi usipa naanika nje, kisha nakaa naulinda. Nikiufungia ndani kwa kuogopa kunguru, unaoza.”

Wazazi walicheka, naye mwalimu mkuu akacheka kidogo. Akautoa ufunguo, kwa sharti kwamba kitabu kimoja tu kisiporudi, kabati litafungwa.

Basi tukaanza kuazima. Jioni nilimsomea bibi huku akisonga ugali wa muhogo, mawimbi ya ziwa yakisikika nyuma ya nyumba. Penye utamu aliacha mwiko, akasema kwa Kinyasa nirudie, na ugali ukaungua chini.

Likizo ya mwezi wa sita ilipokwisha, kitabu kimoja hakikurudi. Mwenzetu aliyekiazima alikuwa amepanda Maguu, huko milimani, na wazazi wake kuchuma kahawa. Mwalimu mkuu akataka ufunguo wake. Mwalimu wetu akamsihi amvumilie hadi Jumatatu, akadandia lori la mizigo kwenda milimani.

Alimkuta mtoto yule kibarazani, wachumaji wamemzunguka wakimenya mahindi ya kuchemsha, naye akiwasomea. Waliposikia mgeni amefuata kitabu, mama mmoja aliuliza kwa upole kama wangeweza kumalizia hadithi kwanza. Mwalimu akawaachia.

Jumatatu alirudi mikono mitupu. Tulikuwa tunafagia nje ya ofisi, tukamsikia.

“Hakijapotea, mwalimu mkuu. Kinasomwa.”

Kisha mwalimu mkuu akauliza ni hadithi gani hiyo. Kabati halikufungwa. Mavuno yalipokwisha, kitabu kilirudi, kurasa zimepata rangi ya vidole vya kahawa.

Baadaye mwalimu wetu alihamishwa. Aliyepokea ufunguo alikuwa mtu mwema, lakini hakuna aliyempeleka semina. Kitabu kilichoachia uzi kiliwekwa kando, kikafuata kingine, mwisho kabati likajaa majembe ya shule. Hakuna aliyeiba chochote. Sasa bibi hayupo, na ofisi ile yenye kabati ni stoo.

Kabla hatujaagana Mbinga, niliwauliza walimu wale ni nani, utotoni, aliwahi kulala na kitabu cha shule nyumbani kwao. Nilidhani wengi wangeinua mikono. Waliinua wawili. Wengine waliniangalia kama mtu anayesimulia nchi ya mbali, na mimi nilikuwa nasimulia kijiji cha chini tu hapo, ufukweni.