Hesabu za Viini

Niliacha shule darasa la tano, mwaka ambao mama alimfuata baba kaburini. Nilibaki na wadogo watatu na mizinga ya nyuki ya baba, ya magogo, kwenye vichaka vya Itigi. Sijutii. Anayenionea huruma kwa hilo hanijui.

Wa mwisho, wa kike, alifika chuo kikuu. Likizo moja alirudi na daftari la hesabu alilotakiwa kulimaliza ili apate shahada ya pili. Baba mdogo akaja siku hiyo hiyo. Alikuwa amemtafutia mchumba, mwenye duka la mitumba karibu na stesheni.

"Shikamoo, baba mdogo," tukamwamkia.

"Marahaba." Akamgeukia mdogo wangu. "Hebu nieleze, unasoma nini hasa?"

Akajaribu. Kiingereza kikamtoka, akakimeza. Neno lililomkwamisha, akasema, ni ile sehemu ya ndani ya kokwa.

"Kiini," nikamsaidia.

"Kiini!" Baba mdogo akacheka mpaka akakohoa. "Kumbe miaka yote anasoma mayai! Basi kuku wangu nao wana shahada."

Mdogo wangu akafunga daftari. Niliona anataka kukubali kuolewa, nikashikwa na hasira.

"Baba mdogo, ukitaka kujua mzinga umejaa kiasi gani, unaupasua?"

"Naugonga."

"Mara moja?"

"Huku, katikati na kule. Leo unanifundisha mizinga?"

"Naye anagonga. Ana kitu asichoweza kukiona chote. Kila nukta anayoigonga ina kiini chake, na kiini ndicho sikio la pale. Akijumlisha viini, kila kimoja kwa uzito wake, kimoja baada ya kingine bila mwisho, kitu kizima kinarudi."

Hayo alikuwa amenieleza yeye mwenyewe likizo iliyotangulia tukirina asali, ila bila neno kiini. Sasa akainua kichwa.

"Ila mzinga hudanganya, kaka. Panya anaweza kutoboa mahali ambapo hukugonga. Fanksheni zangu, hivyo vitu ninavyovigonga, ni laini, hazifichi tundu, mradi nukta zitoshe na zikae vizuri. Kazi yangu ni kujua zinatosha lini."

Aliyasema yote kwa Kiswahili, bila kukwama.

"Na nukta zinaliwa?" baba mdogo akauliza. "Siku hizi ni ruksa, wenzenu wanafanya biashara!"

"Kama ni ruksa kuuza mitumba, ni ruksa na kugonga nukta," nikamjibu.

"Unanijibu mimi, mdogo wa baba yako?"

"Shikamoo tena, baba mdogo. Lakini haolewi kabla hajamaliza. Nimemlea mimi."

Aliondoka bila kuaga. Jumatatu nilimpandisha mdogo wangu treni ya kurudi chuoni, na kazi yake akaimaliza. Baba mdogo aliuambia ukoo kwamba nimemharibu binti, wakaacha kuniita kwenye vikao. Nilikwenda hivyo hivyo, kila kikao, nikakaa mbele.