Mbao za Baba Mkwe Nilijengea Kuku

Nilikosa, na sina wa kumsingizia. Mimi ni seremala hapa Karurumo, na kosa langu ni la useremala, kwa hiyo aibu ni mara mbili!

Mke wangu Wawira alipozaliwa, baba yake alipanda mti wa muringa kando ya majani chai yake kule Kibugu. Tulipooana akaukata, akaupasua, akaniletea mbao. "Mtengenezee binti yangu meza," akasema. Basi.

Acha nikueleze kidogo. Ubao uliotoka kwenye msumeno hauna sura: umejaa vumbi, umeparara. Urembo umejificha chini. Piga randa upande mmoja, upanguse kwa kitambaa chenye maji, ndipo mishipa ijitokeze. Hilo nawafundisha wanagenzi wangu kila mara. Mimi mwenyewe sikulifanya!

Kwa nini? Kwa sababu kwenye simu nilikuwa nimeona mbao za ng'ambo zenye milia kama ya punda milia. Nikaagiza, nikaunda meza, nikajiona bingwa. Muringa wa mzee nikaupigilia misumari, ukawa kibanda cha kuku.

Kila akija mzee anauliza, "Fundi, mbao zangu je?"

"Bado zinakauka, Baba."

Miaka mitatu, jamani, zinakauka tu!

Siku moja alipokuja, Wawira akasema achinjiwe jogoo. Mzee akanifuata nyuma ya nyumba amchague mwenyewe. Mlango wa kibanda ulikuwa unakwama, kwa hiyo asubuhi hiyo nilikuwa nimeupiga randa. Manyunyu nayo yalikuwa yameulowesha.

Ee Mungu wangu! Mishipa ya kahawia na dhahabu, imejikunja kama maji ya mto yanapozunguka mawe. Sijawahi kushika ubao mzuri hivyo!

Mzee akaupapasa polepole. "Kumbe zimekauka."

Nikainama kumtafuta jogoo.

"Wawira!" akaita. "Njoo uone meza yako. Ina kuku ndani."

Wawira hakucheka. Aliweka kiganja juu ya mlango ule, akakiacha hapo muda mrefu.

Wiki iliyofuata mzee alirudi na nyundo, akang'oa ubao mmoja mmoja, akampelekea seremala mwingine kule Runyenjes aunde ile meza.

Leo meza hiyo iko sebuleni kwangu. Inang'aa! Ile ya milia imehamia karakana, naweka mikebe ya gundi juu yake. Wateja wakija kuniagiza kazi huipapasa kwanza ile ya sebuleni. "Fundi, hii ni mkono wako?" Kabla sijafungua mdomo, Wawira ameshawaelekeza njia ya Runyenjes.

Ndugu yangu, usikatae ubao kwa sababu ya vumbi lake. Piga randa, lowesha, tazama. Kazi ya dakika tano, hata wewe utaiweza. Na ukikosea, kiri siku hiyo hiyo. Ujinga wangu mzee angeusamehe, ila si uongo wa miaka mitatu; aliniambia hivyo mwenyewe, akila jogoo wangu.