Varanda ya Nguzo Nne

Nakumbuka, mwanangu, asubuhi nilipolivunja baraza la mama yangu pale Itetemia, Tabora. Nilikuwa nimerudi kutoka masomoni Polandi, nina shahada moja na picha nyingi za nyumba za wenye mashamba wa kule: kuta nyeupe, paa refu la mteremko mkali, mbele varanda ya nguzo nne. Nikachora ramani ya namna hiyo, ya kisasa, yenye vioo vikubwa. Nikasema mama naye atakaa kama mwenye shamba wa kule.

Mzee Maganga, fundi mwashi, aliitazama ramani, akaigeuza, akaitazama tena.

"Msomi, paa hili refu la nini?"

"Kule ni kwa ajili ya theluji, mzee."

"Ahaa. Basi ikifika Tabora tutakimbilia kwako." Vibarua wakacheka. Kisha akauliza kwa upole, "Na mama atakaa wapi?"

"Mzee, nyumba ina vyumba sita!"

"Sikuuliza atalala wapi."

Sikumwelewa. Baraza lile la udongo lilikuwa usawa wa goti, kando ya njia. Mama aliketi pale akichambua karanga. Apitaye alitoa shikamoo, akaketi, akapewa konzi ya karanga, akaacha habari za mtaa. Varanda yangu ilikuwa na ngazi saba. Magoti ya mama hayakuziweza, na wapita njia walidhani ni ofisi ya serikali. Haukupita mwezi, mama akahamia jiko la nje, nyuma, kwenye kigoda, ambako hapiti mtu.

"Nyumba nzuri, baba," aliniambia. "Ila njia naisikia tu, siioni."

Nikaahidi kumjengea baraza jingine. Nilikuwa nimebanwa, naandika makala kuhusu ujenzi wa asili. Alifariki kabla sijaweka hata tofali moja. Msibani watu walitandika mikeka kule jikoni. Hakuna aliyekanyaga ngazi zangu. Nilisimama peke yangu kati ya nguzo nne, kama mwenye shamba wa kule.

Na kule Polandi, varanda ile ilijengwa ili mwenyeji atoke kumlaki mgeni. Lilikuwa baraza! Nilinakili nguzo, nikawaacha wageni.

Iga nyumba ya nchi uipendayo, mwanangu. Lakini kabla hujashika nyundo, keti kutwa nzima na mzazi wako pale anapoketi, uone nani anapita. Na ukimwahidi kitu, anza wiki hiyohiyo. Mungu akupe nyumba inayoingilika, na mzazi wako aione njia mpaka siku yake ya mwisho.